Jibu: Geji 20 kuingia kwenye geji 12 ndiyo hatari yenyewe

Mkuu, usithubutu! Umeuliza namba ya marisau (zile chembe ndogo ndani ya risasi) ya kuwindia ndege, ukauliza choki (kibano cha mdomo wa mtutu), halafu ukatupia mwishoni kwamba kaka yako amekuachia risasi za geji 20 na unataka kuzijaribu kwenye shotigani yako ya geji 12 kwa kuwa "ni nyembamba, zinaingia bila shida". Naanza na hilo. Huko kuingia bila shida ndiko kunakoua.

Geji inakwenda kinyume na wengi wanavyodhani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe iwe gololi 12 zilizo sawa. Upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu wa geji 12, kama milimita 18.5. Ratili hiyo hiyo ukiigawa gololi 20, kila moja inapungua hadi milimita 15.6 hivi. Namba inapanda, mtutu unapungua.

Mimi muuzaji aliniambia geji ndogo ndani ya kubwa haina madhara, eti itapoteza nguvu kidogo tu. Mtu amekaa nyuma ya kaunta anauza baruti, na jambo la kwanza kabisa la kazi yake halijui! Hasira yangu kwake haijaisha na sitaki iishe.

Sikiliza kinachotokea. Risasi ya geji 20 haikai kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ya geji 12. Inateleza mbele mpaka kitako chake kinakwama pale chemba inapobana kuwa mtutu. Unavuta triga, ka! Kimya. Unafungua, chemba tupu, unadhani hukupakia. Unatia geji 12 halisi, nayo inakaa vizuri kabisa nyuma ya ile iliyokwama. Ukifyatua, mzigo unagonga kizuizi, gesi inakosa pa kwenda, na mtutu unapasuka mbele kidogo ya chemba, pale pale mkono wa kushoto unaposhikilia. Vidole vyangu viwili havikunji mpaka leo. Na usiniambie wewe ni makini. Hata mimi nilikuwa makini. Giza la alfajiri na mfuko wenye risasi za aina mbili vilitosha.

Kwa hiyo geji moja, mfuko mmoja. Sio "nitazitenga", sio "nazijua kwa rangi". Ni kweli viwanda vingi huzipa geji 20 ganda la njano kwa sababu ya ajali hii hii, lakini gizani njano na nyekundu huzitofautishi. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, soma kitako cha risasi, vilingane. Wenye geji 20 nao wasijione salama, maana geji 28 huwafanyia vilevile.

Na ukivuta triga isilie, usipakie nyingine. Elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka, kisha fungua, toa kila kitu, uchungulie mtutu kutokea upande wa chemba mpaka uone mwanga upande wa pili.

Urefu nao uuangalie. Chemba ya milimita 70 inaweza kupokea risasi ya milimita 76, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka. Likifyatuliwa linakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda.

Marisau: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Kwa ndege wadogo 7½ inafaa, ila namba za Marekani na za Uingereza hazilingani, kwa hiyo soma milimita kwenye boksi.

Hizo geji 20 mrudishie kaka yako leo, zote, na upekue mifuko ya koti lako la kuwindia kabla hujalala.