Unanunua miche Mwanza mvua zikianza? Anza na kitako cha kiriba

Mkuu uliyeuliza, umesema umehamia Buhongwa, kiwanja ni mchanga na mawe, mvua za kwanza zimeshanyesha, na unataka uende vitaluni Jumamosi urudi na parachichi, maembe, machungwa na maua ya mbele ya nyumba, ila unaogopa kupigwa. Mimi nilishapigwa, na mara nyingine nikajipiga mwenyewe, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Msimu uko sahihi. Mche ukiingia ardhini Novemba unapata mvua mpaka Mei, na ukame wa Juni ukifika unakuta umeshashika. Shida ni kwamba kila mtu analijua hilo. Wakishatoka wale kumbikumbi wanaojazana kwenye taa za baraza, wikiendi inayofuata vitalu vya barabarani vinafurika watu na muuzaji hana muda wa maswali. Nenda Jumatano asubuhi. Zunguka, gusa, uliza, rudi nyumbani mikono mitupu. Kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe, harufu ya samadi na udongo uliomwagiliwa saa moja asubuhi.

Sasa kupigwa kwangu. Mwaka wa kwanza nilinunua miche mitano ya parachichi iliyonifika kiunoni, majani yanang'aa, mmoja una maua kabisa. Viriba vyake, ile mifuko ya nailoni yenye udongo wa mche, vilikuwa vidogo, kama kikombe cha chai, na wala sikujiuliza mti wa kimo kile umekaaje humo ndani. Kufika Februari minne ilikuwa imeduwaa, haijatoa hata jani jipya, kisha ikaanza kukauka kutoka nchani. Nilipong'oa mmoja nikakuta mzizi mkuu umejiviringa kama ngata ya mama anayebeba ndoo ya maji. Miezi mitatu ardhini, bado uko kwenye umbo la kiriba.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwenye kitalu bondeni, upande wa Nyegezi. Nilimwamkia "Mwangaluka, mayu" kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, akacheka, akaniondoa kwenye miche mikubwa niliyokuwa naishangaa. Akashika mche wa embe wa futi moja na nusu hivi, akaupindua nionyeshwe kitako cha kiriba. Vijizizi vyeupe vilikuwa vimechungulia kwenye matundu, basi. Wa jirani yake ulikuwa umezamisha mzizi mnene ardhini, ikabidi auvute kwa nguvu mpaka tukasikia "tak". "Huu ukiununua," akasema, "nusu yake unaniachia mimi."

Kisha akaweka kucha kwenye kovu la kubebeshea, pale kijitawi cha mti mzuri kilipounganishwa na mche wa mbegu, kama shubiri moja juu ya udongo. Chini gome la kijivu lenye mikunjo, juu laini la kijani, na katikati kijiuvimbe. Mche usio na kovu hilo ni wa mbegu, hata kama bei yake ni ya mche wa kubebesha, na embe la mbegu litakusubirisha miaka mingi. Ukikuta nailoni bado imefungwa wakati kovu limeshapona, mwombe aikate palepale, la sivyo itaukaba mti unavyonenepa. Na ukipanda, kovu lisifukiwe.

Hapo ndipo nilipojipiga mwenyewe. Machungwa mengi ya vitaluni yamebebeshwa juu ya mlimao. Chipukizi likitoka chini ya kovu lazima ulinyofoe mapema. Mimi niliona chipukizi limenona nikafurahi, nikalimwagilia. Leo mchungwa wangu mmoja ni mlimao mzuri tu, una miiba ya kuchana shati.

Wauzaji watakuimbia Hass. Ni parachichi nzuri na ndiyo inayotafutwa na wanunuzi wa nje, ila inapenda ubaridi wa Njombe na Rungwe. Sisi tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na mawe yetu yanatunza joto mpaka usiku. Kwa kula nyumbani nilifanya hivi: nilikata vikonyo, yaani vijitawi vya kubebeshea, kwenye mti wa jirani unaozaa sana, nikavifunga kwa kitambaa kibichi, nikampelekea yule mama siku hiyohiyo akanibebeshea kwenye miche yake. Kwa udongo wako wa luseni, yaani wa kichanga, parachichi itakushukuru, maana haitaki maji yasimame miguuni. Rafiki yangu alipanda kwenye mbuga, ule udongo mweusi, masika moja tu ikaoza mizizi.

Shimo futi mbili kwa mbili, udongo wa juu uweke kando urudi na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi yenye majani makavu ni kuwaita mchwa, na mchwa wa huku hawangoji mwaliko.

Maua sina mengi. Yaliyokaa chini ya neti ya kivuli usiyapeleke moja kwa moja kwenye jua la jiwe, yazoeshe wiki moja. Na kuna kitalu nilikuta beseni lina ua la zambarau linaelea, zuri kweli, muuzaji anasema la bwawani. Lilikuwa gugumaji! Asili yake Amerika Kusini, watu walilisambaza duniani kwa uzuri huohuo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa letu linahangaika nalo. Usilibebe hata ukipewa bure.

Ukishanunua kodi bajaji. Nilishawahi kubeba miche kwa boda kutoka Nyegezi, nimefika nyumbani nina vijiti.