Ubao wa freti wenye utepe pembeni: nunua mtupu, utepe uvike mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama uagize nje ubao wa freti (ule wa juu ya shingo ya gitaa, unaobeba vyuma vya freti) uliokwisha kuvikwa utepe pembeni, yaani ukanda mwembamba unaofunika kingo zake, au uutengeneze mwenyewe kwa mpingo. Mimi natengeneza magitaa hapa Dar, na msimamo wangu ni huu: ubao unaweza kuununua, lakini utepe vika mwenyewe. Ubao uliokwisha kuvikwa umeshakuamulia upana wa shingo. Ukitaka kuupunguza hata milimita moja unaula utepe, upande mmoja unabaki mwembamba kuliko mwenzake, na jicho la mteja hulikamata hilo papo hapo.

Ukiamua kuutengeneza ubao mwenyewe, mpingo tunao, Kilwa na Lindi. Ni mgumu, mzito hadi unazama majini, wala hauhitaji vanishi. Ila mti wenyewe ni mfupi na umepindapinda, kwa hiyo kipande kinyoofu cha sentimita 50 kisicho na ufa ni cha kutafuta kwelikweli. Waulize wachongaji wa vinyago pale Mwenge wanakopata wao, na hakikisha muuzaji ana kibali cha kusafirishia mazao ya misitu cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ncha zipake nta, ukikaushe kivulini taratibu.

Kwa utepe wengi hutumia plastiki. Mimi nachagua mninga: hautanuki wala kusinyaa sana, na wekundu wake wa kahawia juu ya mweusi wa mpingo unapendeza mno. Chana vipande vya unene wa milimita 1.5, kimo kizidi kidogo unene wa ubao.

Sasa mpangilio wa kazi, maana ndipo penye siri yote. Kwanza kata mifereji ya freti ubao ungali mstatili, pande zikiwa sambamba, ili kipimio cha pembe mraba kikae sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi wa milimita 648, kutoka nati (kijiti kinachobeba nyuzi kichwani mwa shingo) hadi daraja, gawanya kwa 17.817 upate 36.4, huo ndio umbali wa freti ya kwanza kutoka nati. Kinachobaki gawanya tena kwa namba ileile, uendelee hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie milimita 324 kutoka nati. Isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla hujashika msumeno.

Kisha punguza pande. Ukitaka shingo ya milimita 43 kwenye nati, ubao wenyewe uache 40, nafasi iliyobaki ni ya tepe mbili. Mpingo una mafuta, kwa hiyo ufute kwa asetoni ndipo utie gundi, na usichelewe. Natumia supagluu, nikibana kwa tepu ya karatasi iliyovutwa kwa nguvu. Gundi ikiingia kwenye mifereji izibue mapema kwa kipande cha msumeno. Ikishakauka, kwangua utepe hadi ulingane na ubao. Vidoa vya pembeni, vya kumwonyesha mpigaji yuko freti ipi, nachimba kwenye mninga na kujaza vijiti vya mpingo.

Kwenye freti usiwe na haraka. Ulimi wa chini wa freti, ule unaoingia kwenye mfereji, unakatwa ncha zote mbili ili kichwa peke yake kipite juu ya utepe. Piga tupa mabaki ya ulimi hadi yaishe kabisa, la sivyo freti itainuka pale pembeni na uzi wa kwanza utalia kwa mkwaruzo. Acha uwazi wa nusu milimita hivi kati ya ncha ya ulimi na utepe. Mbao husinyaa kwa upana, karibu hazisinyai kwa urefu. Gitaa likitoka joto la unyevu la Dar likaenda Dodoma, ubao hubana na chuma hakibani. Bila uwazi huo, ulimi utausukuma utepe na gundi itaachia.

Vaa barakoa nzuri unaposugua msasa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua. Na kabla hujakata chochote, niandikie upana wa nati na urefu wa nyuzi unaoutaka, tupige hesabu ya mifereji yote pamoja.