Behewa la chakula linajaa kila siku, kwa nini linaitwa hasara? Ninavyojua baada ya miaka 11 jikoni

Wakuu, nimesoma swali la mdau aliyeanzisha uzi. Anasema kila akipanda treni ya masafa marefu anakuta foleni kwenye behewa la chakula, halafu anasikia tangazo kwamba behewa hilo linaondolewa kwa sababu linatia hasara. Anauliza: linajaa vipi na bado liwe hasara? Na abiria wakilalamika, kuna kinachobadilika?

Nimefanya kazi ndani ya behewa hilo miaka 11. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikamaliza nikiwa mpishi wa zamu, kwenye treni iliyokuwa ikilala njiani usiku 2. Shirika sitalitaja. Nitajibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu, na panapohitajika nitaleta mifano ya nchi za watu ambayo habari zake ziko wazi.

Nianze na hiyo foleni. Behewa letu lilikuwa na meza 12 za watu wanne wanne, yaani watu 48 kwa mkupuo mmoja. Chakula cha jioni tulikitoa kwa awamu 3. Zote zikijaa hadi kiti cha mwisho, umelisha watu 144, na treni ikiwa imebeba zaidi ya 400. Mdau, foleni uliyoiona ilitokana na uchache wa viti, si wingi wa mauzo. Mgahawa wa barabarani unauza tangu alfajiri mpaka usiku, na siku ya wateja wachache mwenye nao anawaruhusu vijana wawili waende nyumbani. Sisi tulikuwa na nafasi 3 za kuuza kwa siku, na katikati ya nafasi hizo wote 6 tulikuwa bado kazini, maana treni haimshushi mpishi porini saa nane mchana ikampandisha tena jioni. Mshahara ulikuwa ukitembea pamoja na magurudumu. Hapo ndipo pesa nyingi zilipokwenda, wala si kwenye unga na mayai.

Halafu kuna stoo. Kila kitu kilipakiwa stesheni ya kuanzia, kwa kukisia. Ukipakia kingi, kinachobaki mwisho wa safari kinatupwa na kuandikwa hasara yako. Ukipakia kidogo, usiku wa pili unamwambia mama mwenye watoto watatu kwamba supu imekwisha. Treni ikichelewa saa 6, unadaiwa mlo mzima ambao hakuna aliyeupangia. Jiko lenyewe ni jembamba kama ujia, na pembezoni lina vyuma vya kuzuia vyombo visiteleze. Sufuria hatukuijaza kupita nusu, kwa sababu kwenye kona maji ya moto yanamwagika, na mpishi anakata vitunguu huku amebana nyonga kwenye kaunta. Tangi la maji lina kipimo chake na likiisha limeisha. Gharama hizi zote ni za kweli, na mtu wa mahesabu anayezitaja hasemi uongo.

Lakini kuna jambo moja ambalo abiria hawaambiwi, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Abiria wa mabehewa ya kulala walikuwa wamelipia chakula ndani ya tiketi. Wakikaa mezani hawatoi hela. Sasa jiko litapataje mapato yao? Ofisini kuna mtu anayeamua kwamba katika kila tiketi ya kulala, kiasi fulani kiandikwe upande wa chakula na kilichobaki upande wa usafiri. Kiasi hicho hakitokani na mzani wowote, ni uamuzi tu. Mwaka mmoja kwetu kilishushwa. Menyu ilikuwa ile ile, wapishi wale wale, abiria wale wale, na sahani hatukupunguza hata moja. Mwisho wa mwaka tukaitwa tukaonyeshwa kwamba hasara ya jiko imeongezeka. Msimamizi wetu, mzee aliyekaa relini maisha yake yote, aliuliza swali moja tu: je, yule aliyelipia kitanda angekinunua kwa bei ile kama hakuna chakula? Hakujibiwa.

Kwangu jibu la mdau liko hapo. Behewa la chakula linapimwa kama duka lililopangishwa ndani ya treni, wakati ni kiungo cha treni yenyewe. Hakuna anayeuliza choo cha treni kimeingiza shilingi ngapi.

Historia inasaidia kuliona hili. Kabla ya behewa la chakula, treni zilikuwa zinasimama stesheni ili watu wakimbilie mezani, wale kwa haraka, warudi. Mwaka 1868 George Pullman huko Marekani alitoa behewa la mgahawa aliloliita Delmonico, na baadaye mashirika mengine yakafuata njia hiyo. Starehe ilikuwa sehemu ya biashara, ndiyo, ila faida kubwa ilikuwa muda: treni iliweza kupita bila kusimama kwa ajili ya milo. Leo wanaondoa behewa na zile stopu ndefu hawazirudishi. Abiria wa saa 40 anabaki hana jiko ndani na hana dakika 20 za kushuka nje.

Mfano uliorekodiwa vizuri kuliko yote ni wa Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Sheria ya 1981 ilitaka mapato ya chakula ndani ya treni zake yalingane na gharama zake. Hayakulingana. Agosti 2012 kikao cha kamati ya Bunge iliyoongozwa na John Mica kiliambiwa kwamba baga ya jibini inayouzwa dola 9.50 inagharimu dola 16.15. Namba hiyo ilisambaa sana, ila sehemu kubwa ya gharama ya jiko la treni ni mishahara ya watu wanaosafiri nalo, kama nilivyoeleza. Mwaka 2015 sheria nyingine ikalitaka shirika liwe na mpango wa kumaliza hasara ya chakula ndani ya miaka 5. Mwaka huo huo treni ya Silver Star ilikuwa tayari imepoteza behewa lake la mgahawa. Februari 2018 Coast Starlight ikapoteza behewa la mapumziko la Pacific Parlour, lililokuwa la abiria wa vyumba vya kulala. Juni 2018 Capitol Limited na Lake Shore Limited, zilizokuwa zikilala njiani kwenda Chicago, zikaacha kupika na kuanza kugawa vyakula baridi vya kwenye boksi. Baada ya malalamiko vikaongezwa vya moto. Oktoba 2019 treni nyingine za mashariki zikaingizwa kwenye mtindo wa chakula kilichoandaliwa tayari, na 2020, wakati wa korona, treni za magharibi nazo.

Tazama mpangilio wake. Hakuna siku moja ambayo mtu alisema "tunafuta chakula". Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Walianza na vitambaa vya meza, na hapo sikulalamika, vitambaa vinakula sabuni na maji. Zikafuata sahani za udongo, tukapewa za kutupa, na mifuko ya takataka ikawa mingi kuliko nafasi ya kuiweka. Kisha mboga mbichi. Kisha msaidizi wa mpishi. Siku moja tukaletewa trei zilizofunikwa karatasi ya fedha na oveni ya kuzipashia, na mimi niliyejifunza miaka kupika kwenye sakafu inayotikisika nikawa mtu wa kubonyeza kitufe na kusubiri kengele. Kila hatua ilifuatwa na ripoti kwamba abiria wanaokula wamepungua, na ripoti hiyo ikawa sababu ya hatua inayofuata. Hapo niliumia sana, kwa sababu niliwaona wakipungua na nilijua sababu: mtu aliyepewa wali uliokauka pembeni mara moja, safari ijayo anabeba chakula chake.

Baada ya jiko wakahamia mabehewa mengine. Mashuka yakawa hayabadilishwi kwa wanaopanda katikati ya njia. Maji ya kunywa ya bure yakaondolewa. Mwisho wakazima mtungi wa maji ya moto uliokuwa mwisho wa kila behewa, kwa maelezo kwamba matengenezo yake ni ghali.

Nieleze usiku mmoja, maana mtu aliyezoea safari fupi anaweza kuona haya ni mambo madogo. Mvua ilikuwa imekula tuta mbele yetu na treni ikasimama kwa muda wa saa 9, mahali pasipo na barabara. Zamani tulikuwa na akiba ya dharura: mchele, maharage, maziwa ya unga. Ilikuwa imefutwa, kwa kuwa ilihesabiwa ni mali iliyolala bure. Trei zilikuwa zimekwisha saa mbili usiku. Bibi mmoja wa behewa la viti alikuja akitetemeka, mjukuu wake amemshika mkono, akaniambia, "Mwanangu, mimi nachoma sindano ya sukari, na sijala tangu mchana." Nilitoa mkate wangu na chai ya sukari niliyojiwekea kwa zamu ya usiku. Alitulia. Lakini nyuma yake alikuwepo mama mwenye kopo la maziwa ya mtoto na hakuna maji ya moto popote kwenye treni ile, kwa sababu hata oveni tulizopewa hazikuwa na mahali pa kuweka birika. Tulichemsha maji kwa kuyaweka kwenye trei tupu ndani ya oveni, kidogo kidogo, mpaka alfajiri. Wafanyakazi wenzangu walifanya hivyo bila kuagizwa na mtu, na nawaheshimu mpaka leo.

Sasa wapo watakaosema mbona nchi zilizoendelea kwa reli nazo zimeondoa. Japani, kwenye Shinkansen ya Tokaido, toroli la vitafunwa ndani ya mabehewa ya kawaida lilisimama mwisho wa Oktoba 2023. Kweli. Lakini kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka ni kama saa 2 na nusu, na stesheni zao zimejaa maduka ya chakula cha kubeba. Abiria wa huko amepoteza urahisi tu. Safari inapopitiliza milo miwili, ikalala njiani, ikapita maeneo yasiyo na kitu, hiyo ni hesabu nyingine kabisa, na anayezilinganisha anamdhulumu abiria.

Mimi sipingi kila kupunguza. Menyu yetu ilikuwa na vyakula 14, na nusu yake ilikuwa inaoza. Ilipobaki na 5 tulipika vizuri zaidi na kutupa kidogo. Tulipowahi kuruhusiwa kwa msimu mmoja kuuza vyakula vya kufungashia kwa abiria wa viti, wale ambao hawapati nafasi mezani, mauzo yalipanda bila kuongeza mtu hata mmoja. Njia ya kuziba pengo ilikuwa pale: kuuza zaidi kwa wafanyakazi wale wale ambao mshahara wao unatembea hata hivyo. Kwenye treni za Marekani nilizozitaja, kwa miaka kadhaa abiria wa viti walifungiwa nje ya mgahawa kabisa, kisha kuanzia 2023 baadhi ya treni zikaanza kuwafungulia tena. Ukimfungia mlango mteja halafu ukasema hakuna wateja, unategemea nini?

Vitu ambavyo ningevikatalia hadi mwisho ni vinne: maji ya kunywa, maji ya moto, mlo mmoja uliopikwa kila siku ya safari, na akiba ya kuchelewa. Meza nayo naipenda kwa sababu zangu. Tulikuwa tunawakalisha watu wasiojuana, na nimeona mwanajeshi mstaafu akimfundisha mtoto wa jirani yake wa mezani kuhesabu madaraja mpaka chakula kikapoa. Lakini najua hilo haliingii kwenye daftari la mtu, kwa hiyo silitumii kama hoja.

Swali la pili la mdau: malalamiko yanasaidia? Yanasaidia. Juni 2021 Amtrak ilirudisha upishi kwenye treni za magharibi kwa abiria wa kulala, na Novemba mwaka huo sheria kubwa ya miundombinu ikafuta lile sharti la tangu 1981 la chakula kujilipia chenyewe. Miaka 40 ya hoja ile ile, ikaondolewa kwa kifungu kimoja.

Kwetu kilichorudi ni mtungi wa maji ya moto. Nilikuwepo siku faili lilipoletwa kwa msimamizi. Barua zilizosema "huduma mbovu, badilikeni" ziliwekwa pembeni, kwa sababu hakuna cha kumfuatilia mtu nazo. Zilizofanya kazi zilikuwa 30 na kitu, zimeandikwa ndani ya mwezi mmoja, kila moja ikiwa na tarehe, namba ya treni, namba ya behewa, saa, na kilichokosekana: maji ya moto, saa tano usiku, mtoto wa miezi 7. Fundi alikuja wiki iliyofuata. Kwa hiyo mdau, kama tiketi yako bado unayo, namba ya behewa imeandikwa hapo. Anza nayo.