Maswali Yenu: Mpwa wangu anataka kurudi kutoka Somalia

SWALI: Assalaam alaykum. Mpwa wangu alivuka Somalia akajiunga na al-Shabaab. Sasa hupiga simu usiku akilia, ataka kurudi. Shemeji yangu asema ajifiche kwanza Malindi kwa shangazi yake mpaka mambo yapoe. Na ule msamaha wa serikali bado upo? — Mjomba, Faza

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. La Malindi liacheni leo hii. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamshika hata anayemhifadhi mtu wa namna hiyo. Mtamtia shangazi matatani bure. Msamaha ulitangazwa na waziri wa usalama Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tena kwa siku 10. Lilikuwa tangazo tu, halikufuta kifungu chochote cha sheria. Kijana asirudi akidhani hashtakiki.

Tafuteni wakili kabla hajavuka mpaka. Wakili ndiye azungumze na ofisi ya kamishna wa kaunti, wapange siku, saa na mahali. Apokewe mchana, wakili akiwepo pamoja na imamu au mzee wa mtaa. Andikeni majina ya maafisa, namba ya gari na namba ya OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi. Msilipuuze hili: mashirika ya haki yameripoti vijana wa Pwani waliorudi kisha wakatoweka au kuuawa. Katiba, kifungu cha 49, yataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Polisi wanaweza kuomba siku zaidi, kwa hiyo kila kesi ikitajwa jamaa mmoja awepo.

Akiwa na bunduki, asije nayo nyumbani wala asiifukie shambani. Aeleze ilipo, mbele ya wakili. Guruneti isiguswe kabisa.

Akishaachiliwa ndipo kazi yenyewe huanza. Uganda, chini ya Sheria ya Msamaha ya 2000, waliorudi walipewa shilingi 263,000 za huko, godoro, blanketi, masufuria, majembe na mbegu. Pesa za mkupuo huisha upesi, na jirani aliyefiwa huona muuaji ndiye anayetuzwa. Hapa kwetu, baada ya shambulio la Mpeketoni 2014, jeraha hilo bado bichi. Basi msimpe pesa mkononi. Kitambulisho kwanza: bila hicho atakwama kwenye vizuizi vya barabara ya Witu, na laini ya simu hatasajiliwa. Kisha awe baharia kwa nahodha anayeheshimiwa, apate fungu lake la samaki sawa na wenziwe, na kamati ya BMU, ile ya wavuvi inayosimamia ufuo, ijulishwe mapema. Chombo chake mwenyewe kingoje. Akiweweseka usiku, kisomo asomewe, lakini na daktari amwone.

Na picha yake isiwekwe mtandaoni, hata ile ya karamu ya kumpokea. Wenzake wa zamani nao wanamtafuta.