Jibu: Je, France na Norway ni meli moja?
Ndiyo mkuu, ni meli ileile. France ilianza safari za Le Havre, Ufaransa, hadi New York mwaka 1962, urefu mita 316, ndefu kuliko meli zote za abiria wakati huo. Ndege na bei ya mafuta zikaiua biashara, ikasimamishwa 1974.

Knut Kloster, mfanyabiashara wa meli za kitalii kutoka Norway, akainunua 1979, akaipeleka Bremerhaven, Ujerumani, igeuzwe meli ya kitalii ya Karibi kwa jina jipya la Norway. Hapa ndipo penye utamu: mafundi waliachana na chumba cha injini cha mbele, wakatoa propela mbili kati ya nne, kwani mtalii wa Karibi hana haraka. Bandari nyingi za visiwani hazikuwa na kina cha kuitosha, hivyo ilibeba boti mbili kubwa sitahani za kushushia abiria. Ubunifu wa hali ya juu!

Mwaka 2003 boila ililipuka Miami, wafanyakazi 8 wakapoteza maisha. Inauma sana. Ikaishia kukatwa vyuma chakavu Alang, India.