Tovuti ya kituo cha ushauri nasaha: nilivyojua kwamba yetu imechakaa

Siku ya tatu ya Idd nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mdogo, Kikwajuni. Nikamwomba achukue simu yake anitafutie namba ya kituo chetu mtandaoni. Mama mdogo kashapita sitini, lakini WhatsApp anaitumia kutwa, na picha za harusi anazipeleka mpaka Muscat. Simu haimshindi.

Tovuti ikafunguka baada ya kuzunguka weee. Akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu na macho. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya weupe, madogo kama ya kwenye kikaratasi cha dawa. Akayatanua kwa vidole viwili, nusu ya sentensi ikatoka nje ya kioo. Akashuka mpaka chini, akapanda tena. Mwisho akaniuliza: "Mwanangu, huyu Mzungu aliyejishika kichwa ndiye mgonjwa wenu?"

Namba hakuiona. Ilikuwa imeandikwa ndani ya picha, pembeni kabisa, na hata angeiona asingeweza kuigusa ikapiga.

Nimeendesha kituo hiki miaka tisa, na ile picha nilikuwa nimeshaizoea hata siioni. Usiku ule niliifikiria sana. Hapa Unguja mtu akisikia jirani yake anakwenda kwa mwanasaikolojia, wazo la kwanza ni Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na wazo la pili ni kwamba yule kashaharibikiwa. Mama aliyefiwa na mwanawe halali usiku, anajikaza wiki nzima mpaka apate ujasiri wa kututafuta, halafu anakutana na mgeni aliyejishika kichwa kando ya dirisha lenye theluji. Picha ile ilikuwa inamwambia mambo mawili: kwamba yeye ni mgonjwa, na kwamba mahali hapa si pake.

Tangu hapo, wenzangu wenye vituo wakiniuliza watajuaje kama tovuti imefika wakati wa kujengwa upya, nawaambia waanze kwa anayepokea simu. Sisi tulimpa dada wa mapokezi daftari, akaandika kila swali kwa wiki mbili. Mpo wapi hasa? Saa moja ni shilingi ngapi? Mshauri mwanamke yupo? Majibu yote yalikuwemo kwenye tovuti, ila hakuna aliyeyaona. Swali lililoniuma zaidi lilikuwa: "Mnazungumza Kiswahili?" Watu wanapiga simu Mpendae, Zanzibar, wanauliza hivyo! Lakini kosa halikuwa lao. Tovuti nzima ilikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu tulipoijenga tulikuwa tunatafuta wafadhili, na kila ukurasa uliandikwa kwa ajili yao. Ukiisoma tovuti yako ukakuta inamweleza mfadhili umefanya nini, na haimwambii mteja afanye nini, basi rangi mpya haitoshi. Anza upya kwa kuandika, ndipo umwite fundi.

Jengine ni fomu. Yetu ilidai jina kamili, shehia na "eleza tatizo lako", tena kwa alama nyekundu ya lazima. Huu mji ni mdogo. Ukitaja jina na shehia, umeshataja mjomba, mume na imamu wa msikiti. Mteja mmoja, na hili nalisema kwa idhini yake, alinieleza kwamba aliijaza akaifuta mara tatu, mwisho akaja kwa miguu bila miadi. Wangapi hawakuja? Sasa tunauliza jina lolote atakalo kuitwa, namba ya simu, na saa ambayo ni salama kumpigia. Hilo la saa ndilo muhimu kuliko yote, maana simu inaweza kupokewa na mtu mwengine.

Siri haiishii kwenye fomu. Tangu Julai 2018, Chrome, programu ya kufungulia tovuti, inaandika kwamba tovuti si salama ikiwa anwani yake inaanzia http badala ya https, na yetu ilibaki na onyo hilo muda mrefu, kando ya jina la kituo kinachoahidi faragha. Pia mwulize fundi kama ameweka vifuatiliaji vya matangazo, yaani vijiprogramu vinavyopeleka habari za anayeifungua tovuti kwa kampuni za matangazo. Mwaka 2023 huko Marekani, BetterHelp, kampuni ya ushauri kwa mtandao, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kutuhumiwa kwamba ilizipa Facebook na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo, ingawa yenyewe haikukiri kosa. Vifuatiliaji vya aina hiyo huwekwa kwa dakika chache tu, na mwenye tovuti asijue.

Alama ya mwisho niliijua Ramadhani. Tulibadilisha saa za kazi, na hakuna kati yetu aliyeweza kuzibadilisha kwenye tovuti. Aliyeijenga alikuwa safarini. Zilipobadilishwa, Idd ilikuwa imeshapita, na watu walikuwa wameshakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo tulipogundua pia kwamba anwani ya tovuti ilisajiliwa kwa jina lake yeye. Kuirudisha kulituchukua miezi. Tafadhali, kabla hujalipa chochote, hakikisha usajili uko kwa jina la kituo.

Lakini si kila kasoro inataka tovuti mpya. Ikiwa shida ni namba iliyokufa au picha nzito zinazomaliza bando, tengeneza hilo tu, na pesa iliyobaki mlipe mshauri. Na ukijenga upya, anwani za kurasa za zamani zielekeze kwenye mpya, ili aliyehifadhi kiungo chako mwaka juzi asiangukie ukurasa mtupu siku anayokuhitaji.

Juu kabisa ya ukurasa wetu mpya, kabla hata ya jina letu, tumeandika kwamba sisi si huduma ya dharura: aliye hatarini apige 112, na kwa ajili ya mtoto apige 116. Kisha namba yetu, kubwa, ya kugusa. Picha ni ya mlango wetu wenyewe na ngazi mbili za kuingilia, ili mtu akifika aujue.

Ukurasa wa Pemba bado. Wiki ijayo napanda boti kwenda Mkoani, nikae na wenzetu wa Chake na Wete, na wao ndio watakaoniambia uandikwe vipi. Simu ya mama mdogo nimeiazima, kwa sababu yangu ni mpya mno kwa kupimia.