Samaki anayegeuka dume kwenye riwaya ya Pod, ni kweli au katungwa?

Kweli kabisa kaka, hajatungwa. Yule samaki jike anayekuja kuwa dume kwenye riwaya ya Laline Paull ni Napoleon, samaki wa kwenye miamba anayeweza kufika karibu mita 2, anaanza jike anataga mayai fresh tu halafu baadhi yao wakishakua wakubwa wanageuka madume. Na wala usiende mbali, nenda pale soko la samaki la Feri, Dar, asubuhi kaangalie pono: wale wadogo wadogo wa kahawia wengi wao majike, ila lile dubwana la bluu na kijani lenye meno yameungana kama mdomo wa kasuku hilo dume, na mara nyingi lilishataga huko nyuma 😂 Chewa nao hivyo hivyo, ndo maana wakivuliwa wakubwa watupu madume yanaadimika. Ila sio kila jike anageuka, na kuna aina za pono ambazo wengine wanazaliwa madume moja kwa moja. Alichotunga mwandishi ni mawazo na maongezi yao tu, na yale mambo ya koo za pomboo.